Keki ya Musambi

Kila asubuhi Emérita aligombana na kitu. Aligombana na kibuyu cha maji kilichomvujia shingoni. Aligombana na ng'ombe wao mmoja wa pekee, aliyekuwa na tabia ya kumkanyaga mguu wakati wa kukamuliwa. Aligombana hata na njia ya shule, ambayo wakati wa mvua ilikuwa utelezi mtupu kuanzia kilimani kwao mpaka soko la Ngungu. Bibi yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alipozaliwa alitanguliza ngumi, kichwa kikafuata.

Mahali pamoja tu alipita kwa amani: mbele ya uzio wa Papa Nzabandora, katekista. Hapo alimkuta Keza.

Keza alikuwa korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, ndege ambaye watu wa Ngungu humwita musambi. Papa Nzabandora alimwokota zamani akiwa kifaranga, katika kinamasi kilicho njiani kutoka Kalembe. Bawa lilikuwa limevunjika. Lilipona, lakini lilipona vibaya, na Keza hakuruka angani hata siku moja. Alitembea uani kwa madaha, akamfuata mzee kila alikokwenda. Papa Nzabandora alikuwa mjane asiye na mtoto. Alimweleza ndege wake habari zote: nani amebatizwa, nani ni mgonjwa, mvua imefika wapi. Keza alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha akakunjua mabawa, akainama, akaruka juu akacheza. Watoto wa shule walimpigia makofi. Watu wazima walicheka, wakasema katekista amekosa mke ameoa ndege. Mzee hakujali hata kidogo.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Kanyamibwa, mwenye shamba la maharagwe chini ya uzio. Maana Keza naye, tuseme ukweli, hakuwa malaika. Kila alipopata upenyo alishuka shambani akang'oa miche ya maharagwe, mmoja mmoja, bila haraka, kama mama anayechagua mboga sokoni. Kanyamibwa alikuwa amekwisha kuapa mara nyingi kwamba siku moja atamwondoa ndege yule, na alikuwa akisubiri sababu tu.

Mwaka huo, 1954, Papa Nzabandora alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya ukatekista. Mama Céline, mwalimu wa darasa la upishi na ushonaji la wasichana, aliwakusanya wanafunzi wake chini ya paa la jiko la shule.

"Siku ya Mungu inayokuja, Jumapili, njo yubile ya Papa Katekista," alisema. "Tutamupikia gato. Gato kubwa, ya sukari. Mimi nilijifunza kuipika ku Goma, kwa Masista. Munaonaje, tuifanye kama musalaba, ao kama kitabu ya katekisimu?"

Hakuna aliyewahi kuona keki kwa macho, acha kuila. Emérita akasimama bila kunyoosha mkono.

"Mama, Papa Nzabandora anaona musalaba kila siku. Na kitabu anayo. Tumupikie Keza."

Darasa zima likacheka. Mama Céline hakucheka.

"Musambi? Emérita, kuko familia hapa zenye kuwa na musambi kama ndege ya ukoo. Hawaiui, hawaikule."

"Hatutakula musambi, Mama. Tutakula unga na mayai na sukari."

"Na wazazi bakikasirika?"

"Bakasirike kwangu."

Pengine Mama Céline alitaka kumwadhibu. Lakini alikuwa mwanamke aliyetembea, aliyeona mambo, na jibu lile lilimpendeza zaidi ya alivyotaka kuonyesha.

"Bon. Itakuwa Keza. Lakini mbele ya Jumapili tutafanya majaribio, na wewe njo mukubwa wa kazi. Ikiharibika, ni kichwa yako."

Wakagawana mahitaji. Unga wa ngano na sukari alitoa Mama Céline. Mayai aliahidi Rosalie, rafiki wa Emérita, ambaye mama yake alikuwa na kuku wengi. Emérita, kwa kuwa kwao kulikuwa na ng'ombe, aliambiwa alete siagi.

Sasa msomaji ajue jambo moja kuhusu siagi ya vilima vile. Siagi mbichi, iliyosukwa jana, ilikuwa kitu cha kawaida cha kutia kwenye mboga. Siagi yenye heshima ilikuwa ile iliyokaa. Chini ya kitanda cha bibi yake Emérita kulikuwa na chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani yake siagi iliyokaa miezi mingi, imechanganywa na mizizi ya kunukia iliyosagwa. Ilikuwa siagi ya kujipaka. Bibi alikuwa anamtunzia Mukashema, dada yake Emérita, aliyekuwa karibu kuolewa, ili siku ya arusi ngozi yake ing'ae na harufu yake ifike nyumba ya kumi.

Emérita alijua vizuri siagi ile ni ya nini. Lakini aliwaza hivi: kama inamfaa bibi arusi, itakosaje kumfaa katekista? Kitu kizuri ni kizuri. Bibi alikuwa shambani. Emérita akafunua chungu, akachota bakuli zima, akarudishia jani. Hakuomba. Alijua angeomba angenyimwa, na kunyimwa hakukupenda hata kidogo.

Siku ya majaribio Mama Céline aliitwa parokiani ghafla. Aliwaonyesha wasichana namna ya kuwasha tanuru la matofali, akawaeleza vipimo, akaondoka. Emérita akashika usukani. Alipiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Alichanganya, akakaripia, akaonja, akakaripia tena. Keki ilipotoka tanuruni ilikuwa na mwili wa bata na shingo iliyoangukia mgongoni, lakini ilikuwa imeumuka.

Rosalie alikunja pua. "Ee Emérita, gato inanukaka hivi?"

"Hii njo harufu ya gato. Wewe ulisha kula gato wapi?"

Rosalie hakuwa amekula keki mahali popote, kwa hiyo alinyoosha mkono apewe kipande. Wakala wote. Ilikuwa tamu mwanzoni, na baadaye ilikwama kooni kwa namna isiyoelezeka, lakini nani angekubali kuwa wa kwanza kusema keki ni mbaya? Wakaila mpaka karibu imalizike, na mabaki wakayatupa chooni.

Jua lilipozama, Rosalie alikuwa anatapika nyuma ya jiko la mama yake. Wasichana wengine watatu walikuwa wanatapika kwao. Emérita alitapika pia, nyuma ya zizi, akafunika kwa majivu, akaingia ndani, akasema hana njaa.

Kesho yake habari ilitapakaa kilima kizima kama moshi. Na Kanyamibwa, aliyekuwa anasubiri sababu, sasa alikuwa nayo mkononi.

"Batoto bamekula musambi," alisema kisimani, akasema sokoni, akasema mbele ya nyumba ya kila mtu, "na musambi amebakula! Nilisema mimi. Ile ndege iko na bahati mubaya."

Alikwenda mpaka kwa kapita Karangwa, mkuu wa kijiji, na wazazi wa wagonjwa wakamfuata. Walikuwa na hofu ya kweli, na mtu mwenye hofu hachagui maneno. Ombi lao lilikuwa moja: Keza arudishwe kinamasini kabla ya Jumapili. Kapita akaita mkutano wa siku iliyofuata, Ijumaa jioni, uani mwa kanisa.

Kila mtu alijua maana ya kurudishwa kinamasini. Ndege asiyeweza kuruka, aliyezoea kulishwa mtama mkononi, angekuwa chakula cha paka wa mwituni kabla ya mapambazuko ya pili. Papa Nzabandora alijua pia. Siku ile hakumweleza Keza habari yoyote. Alikaa mlangoni tu, na ndege akasimama karibu naye, akimvuta mkono wa shati kwa mdomo.

Jioni hiyo hiyo bibi yake Emérita alivuta chungu kutoka chini ya kitanda ili aangalie siagi yake. Alipofunua tu, harufu ikajaa chumba, na Emérita akaitambua. Ilikuwa harufu ileile iliyotoka tanuruni.

"Nani amechota humu?" bibi aliuliza.

Emérita akauliza yeye badala yake, kwa sauti ndogo: "Nyogokuru, mafuta haya mutu anaweza kuyakula?"

"Kuyakula? Wewe uko na akili? Hii ni ya mwili. Ile mizizi imo ndani, ukiimeza unatapika kama mbwa."

Emérita akatoka nje, akaegemea ukuta. Sasa alijua, na alitamani asingejua. Musambi hakumla mtu. Walioumwa waliumwa kwa sababu ya mkono wake mwenyewe. Aliogopa kweli, yeye ambaye hakuwahi kuogopa ng'ombe wala mwalimu. Siagi ya arusi imeibwa, tena na mdogo wa bibi arusi, wakati wakwe wanakaribia kuja. Aibu hiyo ingeikalia familia nzima.

Asubuhi alimweleza Rosalie, ambaye bado alikuwa na macho mekundu. Rosalie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono.

"Nyamaza," alisema. "Bantu bote banasema ni ndege. Hakuna anayekutazama wewe. Ndege haijui kusema, haitakusemea mabaya."

"Njo vile," Emérita akajibu. "Haijui kusema."

Alitembea mpaka shuleni akiyarudia maneno hayo moyoni, na kadiri alivyoyarudia ndivyo alivyokasirika. Alimkasirikia Kanyamibwa. Aliwakasirikia watu wazima waliokubali upesi namna ile. Lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana kwa usiku mzima alikuwa amemwachia ndege mlemavu mzigo wa mtu mwenye kinywa cha kujisemea.

Jioni ilipofika, uani mwa kanisa palijaa. Kapita Karangwa alikaa kwenye kiti, kofia magotini. Kanyamibwa alisema kwa urefu, akataja wagonjwa, akataja mababu, akataja na maharagwe yake, ambayo yalichukua sehemu kubwa ya hotuba. Papa Nzabandora alipopewa nafasi alisema maneno machache tu.

"Kama ndege yangu imeumiza batoto, nitaichukua mimi mwenyewe. Lakini musinitume kuitupa. Nitaenda nayo, nitabaki nayo kule."

Watu wakaguna. Kapita akafungua kinywa ili amalize shauri. Hapo Emérita akapenya katikati ya watu wazima, akasimama mbele ya kiti.

"Hapana," alisema.

"Mutoto, rudi nyuma," mtu mmoja akasema.

"Sirudi. Haiko ndege. Ni mafuta. Na ile mafuta ni mimi njo niliyatia."

Emérita alimwona bibi yake katika umati, na kwa kuwa alijua kwamba akimtazama atashindwa, alikaza macho kwenye kofia ya kapita akasema yote kwa mkupuo mmoja: chungu, siagi ya kujipaka, mizizi, bakuli. "Niliiba. Sikuomba. Nami pia nilitapika, nikafunika na majivu."

Mtu angefikiri mambo yangeisha hapo. Wapi! Watu wakishapenda sababu fulani, kuwanyang'anya ni kazi. Kanyamibwa akacheka.

"Munaona? Anapenda ile ndege, anajitwika kosa ili aiponyeshe. Mafuta ya ng'ombe tangu lini inaumiza muntu? Hata mababu yetu balikula!"

"Mababu balikula ya kukula," Emérita akamjibu. "Hii ilikuwa ya kujipakaa."

"Unajibu mukubwa?"

"Ninajibu kwa sababu uko unasema uongo juu ya mutu asiyekuwa na mudomo ya kujitetea."

Watu wakashika vichwa. Mama Céline alifumba macho. Kapita Karangwa ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Ile gato iko wapi, tuione?"

"Tulitupa ku choo."

"Sasa tutaamini nini?"

Emérita hakuwa ameliwaza jambo hilo kabla, lakini hasira yake ilikuwa imemwamshia akili. "Siku ya Mungu nitaleta gato mbili. Moja ya musambi, na mafuta mupya. Nitaikula wa kwanza mbele yenu bote. Ingine ya duara tu, bila kichwa, bila bawa, na mafuta ya ile chungu. Papa Kanyamibwa anasema mafuta haiumizi muntu. Basi ile ya duara ataonja yeye."

Safari hii waliocheka walikuwa wengine. Kapita akavaa kofia yake, akasema ndege abaki mpaka Jumapili.

Bibi yake Emérita alitangulia njia nzima mpaka nyumbani. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Yaliyobaki mu chungu, chukua kidogo ya kuonyesha," alisema. "Na kesho utasuka maziwa. Utasuka mpaka mikono ikatae."

Lakini maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye ndama hayatoshi siagi ya keki. Usiku uleule Emérita alipita nyumba kwa nyumba akiomba, na milango mingi ikafungwa. Wazazi walikuwa wamewakataza binti zao kumkaribia. Aliambiwa ni mwizi, na hilo hakuweza kulibisha, kwa hiyo alisema ndiyo, ni kweli, niliiba, lakini naomba maziwa. Wawili watatu walishangazwa na jibu hilo hata wakampa. Mke wa Kanyamibwa naye alimmiminia kibuyu kizima nyuma ya nyumba, akanong'ona, "Papa ya batoto asijue."

Jumamosi tangu alfajiri Emérita alikaa na igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, akakitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mabega yaliwaka moto. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa goti, akaendelea. Siagi ilipojikusanya ndani ikaanza kugonga, alicheka kwa furaha peke yake. Aliiosha kwa maji baridi mara kadhaa, akainusa. Haikunuka kitu isipokuwa maziwa.

Alipofika jikoni mwa shule alidhani atakuwa peke yake. Mama Céline alikuwa amekwisha washa tanuru.

"Hata mimi nilikosa," Mama Céline alisema bila kumtazama, akisukuma kuni. "Nilisema leta mafuta, sikusema mafuta gani. Nikaenda, nikabaacha peke yenu. Leo siendi popote."

Baadaye mlango ukasukumwa taratibu, na Rosalie akaingia na mayai ndani ya kitambaa. "Mama alinikataza," alisema. "Nikamwambia aniazibu jioni."

Mara hii hawakumsimamisha musambi wima. Walimlaza, kama ndege aliyekaa juu ya kiota, shingo imepinda na kulala mgongoni kwa ustadi. Kahawa nzito iliyochanganywa na sukari ikawa rangi ya manyoya. Ute wa yai uliopigwa mpaka ukawa povu gumu ukawa shavu jeupe, na juisi ya betirave, kile kiazi chekundu, ikawa ile alama nyekundu shingoni. Taji ndilo lililowatoa jasho. Mama Céline aliyeyusha sukari mpaka ikawa rangi ya asali, na Emérita akaivuta kwa uma ingali moto, uzi baada ya uzi, akaunguza vidole, akalaani, akaomba msamaha, akavuta tena. Mwisho wake nyuzi za dhahabu zikasimama juu ya kichwa cha keki, na Rosalie akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Jumapili, baada ya misa, meza iliwekwa uani. Papa Nzabandora aliletwa na waimbaji, Keza akimfuata kwa madaha kama kawaida. Mzee alipoiona keki alisimama. Alitazama shavu jeupe, akatazama taji, akageuka akamtazama Keza.

"Miaka yote bantu banacheka mimi na ndege yangu," alisema. "Ninyi mumeipika."

Kapita akamkalisha, kisha akamwashiria Emérita kwa kidole.

Emérita alichukua kwanza keki ya duara, ndogo, ya kahawia, iliyookwa kwa siagi ya chungu, akaipeleka mpaka mbele ya Kanyamibwa. Aliiweka kwa mikono miwili, kwa heshima zote, maana bibi yake alikuwa anamtazama.

"Papa Kanyamibwa, hii haina mudomo, haina bawa, haina taji. Uonje."

Kanyamibwa akatazama huku na huku. Kijiji kizima kilimtazama yeye. Akaimega, akaipeleka puani, na uso ukajikunja. Lakini mtu aliyesema maneno makubwa hurudi vipi nyuma? Akajikaza, akatia kipande kinywani, akatafuna mara mbili, akageuka akakitema chini ya uzio.

"Inanuka arusi!" alipiga kelele, akifuta ulimi kwa kiganja.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watoto walikimbilia keki ile, wakainusa kwa zamu, na wale waliougua walirudi nyuma upesi. "Njo ile! Njo ile harufu!" walisema. Mama wa mmoja wao akainusa naye, akamtazama bibi yake Emérita, akatikisa kichwa polepole.

Emérita hakucheka. Kazi ilikuwa haijaisha. Alirudi mezani, akashika kisu, akakata kipande cha bawa la musambi, akakila mbele yao, akitafuna wazi ili wote waone. Kicheko kikapungua, kikaisha. Watu walikuwa wanangoja, na baadhi yao bado walikuwa na woga wa kweli wa kula ndege wa ukoo, hata akiwa wa unga. Hakuna aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa Keza. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani, akanyoosha shingo, akaitazama keki kwa jicho moja, akaigeukia kwa jicho la pili. Kisha akadonoa taji. Uzi wa sukari ukavunjika, akaumeza. Akadonoa tena.

"Basi," kapita Karangwa alisema, "mwenyewe anajikula. Nani anakasirika kwa niaba yake?"

Hapo hata wazee wa ukoo wa musambi walicheka mpaka wakashikana mabega. Watu walisogea mezani, na yule wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mama yake Rosalie.

Emérita akapandisha sauti juu ya kelele. "Kapita, neno moja tena. Maharagwe ya Papa Kanyamibwa, Keza anayakula. Ile ni kweli. Nimeona na macho yangu."

Kanyamibwa, aliyekuwa bado anasukutua kinywa kwa maji, aligeuka kwa mshangao. Hakutegemea kupata shahidi upande ule. Shauri likakatwa pale pale kwamba Papa Nzabandora ataongeza uzio upande wa shamba, na kwamba Emérita na Rosalie watasaidia kusuka mianzi, na miche iliyong'olewa itapandwa upya. Kanyamibwa alisema sawa. Alisema kwa kunung'unika, lakini alisema.

Papa Nzabandora aliwaita wanafunzi wote wakae chini mbele yake, kama siku ya katekisimu.

"Sikilizeni, batoto," alisema. "Kosa iko kama ndama. Ikiingia mu shamba ya mwingine, mwenyewe anaifuata, anaitoa, analipa. Akisema haiko yangu, ndama inapotea, na shamba inakuliwa, na jirani mwingine anapigwa bure. Huyu mutoto alifuata ndama yake mpaka katikati ya bantu bakubwa benye hasira. Mimi ni muzee, na sijui kama ningefanya vile. Lakini mukumbuke na hii: kama angeomba kwa bibi yake tangu mwanzo, hakuna mutu angetapika."

Watoto wakasema ndiyo, Papa. Emérita aliinamisha kichwa.

Hapo bibi yake, aliyekuwa hajafungua kinywa hadharani tangu Ijumaa, akasimama. Watu wakampisha. Alikuja mpaka mezani, akakata kipande kikubwa kutoka kifuani mwa musambi, akamwekea mjukuu wake mkononi.

"Uliniibia, na kwa ile nitakuazibu kesho," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mafuta ya arusi utayasuka yote upya, wewe peke yako. Lakini ulisema kweli mbele ya kijiji, na kwa ile ninakusifu leo. Kula."

Emérita akala.